NEC PC-9821: inunue kwa ajili ya muziki

Kompyuta hii ya zamani niliipata Darajani, kwenye duka la mitumba, ikiwa imebanwa na redio za magari na feni zilizokuja na kontena kutoka Japani. Kasha lake limeshageuka manjano kwa uzee, lakini kwa nyuma ilikuwa na kadi ya sauti PC-9801-86, na kadi hiyo ndiyo niliyoilipia. Mimi mpiga kinanda wa taarab. Muziki wa kompyuta hizi nilikuwa nikiusikia kwenye simu tu, rekodi za watu.

NEC, kampuni ya Kijapani, walianza kutoa familia ya PC-98, ambayo PC-9821 imo, mwaka 1982, na kwa zaidi ya miaka kumi Wajapani wengi walifanyia kazi humo na kucheza humo humo. Michezo ya riwaya ilikomaa hapo: picha imesimama, rangi 16 kati ya 4,096, maneno yanajiandika chini, wewe unasoma na kuchagua njia. Picha haitembei, kwa hiyo hofu, huba na kungoja vyote vinabebwa na muziki. Na rekodi haikuwezekana, maana diski moja ya flopi huchukua megabaiti 1.2 tu. Mtunzi aliandika noti zake kwa herufi na namba, na chipu ya Yamaha YM2608 ikazipiga papo hapo.

Chipu hiyo ina sauti sita za FM (wimbi moja hulitikisa jingine hadi mlio upatikane), tatu nyembamba za mawimbi ya mraba, na ngoma sita. Mwangwi haina. Sasa tega sikio uone mafundi walivyoupata mwangwi: wimbo mmoja umepewa sauti mbili, ya pili inachelewa kidogo, iko chini, na tuni yake imelegezwa kwa unywele. Ni vile ganuni na fidla zinavyoandamana katika wimbo mmoja bila kukanyagana. Nilipoziba spika ya kushoto kwa kiganja, nikaisikia ile sauti ya pili peke yake kulia, dhaifu, ikimfuata mwenzake. Kwenye rekodi za simu zote mbili zilikuwa zimevurugika, sikuwahi kujua kwamba ni mbili.

Kazi ninayoirudia zaidi ni mchezo wa YU-NO wa 1996, ambao sehemu kubwa ya muziki wake ni ya Ryu Umemoto, aliyefariki 2011 akiwa bado kijana. Besi yake ya FM inang'ata mwanzoni mwa kila noti, kisha inaachia nafasi. Kipande kinajirudia muda wote unaposoma ukurasa, na hakichoshi, kwa sababu kila mzunguko sauti ya kati imeshika jambo jingine. Sisi tunaotumia vinanda vyenye mamia ya sauti tungejifunza mengi hapo. Ila michezo mingi ya aina hii ina mambo ya watu wazima, kwa hiyo usiiwashe sebuleni mbele ya watoto. Na yote ni Kijapani. Mimi sisomi, hadithi inanipita, muziki haunipiti.

Taabu zake ni za kweli. Inataka volti 100, umeme wetu ni 230, kwa hiyo stepdauni, kile kipunguza volti, ni lazima. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Picha hutoka kwa kilohezi 24 (kasi ya kuchora mistari yake), na skrini nyingi za kawaida hazishuki chini ya 31, utaona giza tu. Kwenye hii yangu, kubana vitufe vya GRPH na 2 wakati wa kuwasha kunaipandisha hadi 31. Kapasita za zamani, vile vijipande vinavyohifadhi chaji kwenye bodi, huvuja na kula njia za shaba, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Muuzaji aliniapia kwamba ni nzima kabisa, kumbe fundi alikuta tatu zimeshavuja. Kuzibadilisha kuligharimu karibu sawa na mashine yenyewe.

Bado ningeinunua tena. Programu za kuigiza PC-98 kwenye laptopu zipo na zinafaa kwa kuonja, lakini ngoma na besi hazigongi hivi.

Ukiikuta dukani, omba ufunguliwe kifuniko, nusa kama kuna harufu ya samaki kwenye bodi, halafu tazama nyuma. Nyingi bila kadi ya sauti hutoa mlio wa kengele tu. Kama nafasi ya kadi iko wazi na muuzaji hapunguzi, muachie.