Uzoefu wangu: kuzuia sauti kwenye patisheni ya jipsamu ya chumba cha ushauri

Kazi yangu ni ushauri nasaha. Watu wananieleza mambo ambayo hawajamwambia ndugu wala kiongozi wa dini, na kitu cha kwanza ninachowaahidi ni kwamba maneno yao hayatatoka nje ya chumba. Ofisi tuliyopanga Kijitonyama, Dar es Salaam, ilikuwa ukumbi mmoja uliogawanywa kwa patisheni ya jipsamu: upande huu wateja wanasubiri, upande ule tunazungumza. AC ikinguruma na magari yakipita barabarani, ukuta ulionekana unatosha. Umeme ulipokatika mchana mmoja na AC ikanyamaza, nikiwa mapokezi nilimsikia mteja wa mwenzangu neno kwa neno, na watu wengine wawili kwenye benchi wakainamisha macho. Hali hiyo haivumiliki. Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye zahanati, ofisi ya wakili, au chumba cha kulala kilichopakana na sebule kwa ukuta wa namna hiyo.

Mpangaji aliyetutangulia alikuwa amebandika spongi nyeusi zenye vilima-vilima ukuta mzima, na duka moja la vifaa vya sauti likanishauri niongeze nyingine juu yake. Sikukubali, kwa sababu spongi zilikuwepo tayari na maneno yalikuwa yanapita. Spongi inapunguza mwangwi ndani ya chumba, basi. Ukirekodi sauti itakufaa. Sauti inayokwenda upande wa pili haizuiliwi na kitu chepesi chenye matundu. Hewa ikipita, sauti nayo inapita. Trei za mayai ni hivyo hivyo, hata kama zinasifiwa sana mitaani.

Fundi niliyempata alikuwa amefanya kazi za hoteli, na nilimwamini kwa sababu hakuanza kwa kutaja bei. Alipanda ngazi, akasukuma kigae kimoja cha dari, akamulika tochi. “Dada, huu ukuta haujafika juu,” akaniambia. Ni kweli. Patisheni ilikuwa imeishia sentimita chache juu ya dari ya vigae, na kutoka hapo hadi kwenye slabu, yaani zege la juu, kulikuwa na uwazi mtupu uliounganisha vyumba vyote viwili. Vigae vya dari ni vyepesi, kwa hiyo sauti ilikuwa inapanda, inavuka, inashuka upande wa pili. Majengo mengi ya ofisi za kupanga yamejengwa hivyo kwa sababu ni haraka na rahisi. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma haya, fungua kigae uangalie juu kabla hujanunua chochote.

Kazi ya kwanza ikawa kupandisha ukuta hadi kwenye slabu. Fremu za chuma ziliongezwa, na chaneli ya juu, yaani chuma cha juu cha fremu, ikawekewa ukanda wa mpira kabla ya kufungwa kwenye zege, ili mtikisiko wa bodi usiingie moja kwa moja kwenye jengo. Nyaya na bomba la AC vilivyokuwa vikipita hapo juu vilizibwa pembeni, kila kimoja.

Baada ya hapo wakabandua bodi za upande wa mapokezi. Ndani hakukuwa na kitu, hewa tu. Bodi mbili nyembamba zenye hewa katikati zinafanya kazi kama ngoma: upande mmoja ukitikisika, hewa inausukuma wa pili. Tukajaza pamba ya mawe, ile mafundi wanayoiita rokwuli, yenye unene wa milimita 50, ile iliyoshikana ya kama kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Haikandamizwi. Inakaa kwa ulegevu kati ya fremu bila kuacha mapengo, kwa sababu kazi yake ni kula sauti inayozunguka ndani ya ukuta, na ikishindiliwa sana inakuwa daraja la kuvusha mtikisiko. Inawasha ngozi, vijana walivaa glavu, barakoa na mikono mirefu, na mimi niliwaongezea maji ya kuoga mchana. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani hakikisha pia kwamba ukuta hauna unyevu kabla ya kuufunga, hasa ukipakana na choo.

Kinachozuia maneno hasa ni uzito. Bodi ya milimita 12.5 ina takriban kilo 8 hadi 9 kwa mita ya mraba, na kanuni inayofahamika ni kwamba uzito wa ukuta ukiongezeka mara mbili, unazuia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hadi 6 zaidi. Kwa hiyo tuliweka tabaka mbili za bodi kila upande, maungio ya tabaka la pili yakiwa mbali na ya kwanza ili yasifuatane. Bodi za milimita 9, zinazotumika sana kwenye dari, ni nyepesi mno kwa kazi hii. Muuzaji alijaribu kutuletea hizo na fundi akazirudisha. Nilimheshimu kwa hilo.

Sehemu iliyochukua muda mrefu na inayoonekana kidogo ni kuziba. Pembezoni mwa ukuta wote, chini, juu na ubavuni, walipaka gundi ya kuzibia ya akriliki inayobaki laini. Puti peke yake hukauka na kupasuka, na ufa mwembamba kama uzi unarudisha maneno. Soketi mbili zilikuwa zimewekwa mgongo kwa mgongo, kila upande moja, yaani tundu lililotoboka ukuta mzima. Moja ikahamishwa hadi nafasi nyingine ya fremu na visanduku vikazibwa nyuma.

Na mlango. Hapa ndipo bili ilipopanda, na ningeilipa tena. Ule wa mwanzo ulikuwa mwepesi, una uwazi ndani, na chini ulikuwa umeacha nafasi ya kama sentimita moja. Fundi alinipigia hesabu ambayo sijaisahau: kwenye ukuta wa mita za mraba 12, uwazi wa sentimita 1 chini ya mlango wa upana wa sentimita 90 unaufanya ukuta mzima usizuie zaidi ya desibeli 31 hivi, hata ukiujenga kwa chuma. Tukaweka mlango mzito wa mninga, mpira pande zote za fremu, na kizingiti chini chenye mpira unaobanwa mlango ukifungwa.

Matokeo. Nilipima kwa programu ya simu, ambayo si kipimo cha maabara ila inatosha kulinganisha kabla na baada, simu ile ile, redio ile ile ikisoma habari kwa sauti ile ile. Mwanzoni tofauti kati ya vyumba ilikuwa kama desibeli 28. Sasa inakaribia 44. Sikio la binadamu husikia pungufu la desibeli 10 kama nusu ya sauti, kwa hiyo unaweza kufikiria. AC ikiwa imezimwa na mtu akizungumza kawaida ndani, ukiwa mapokezi unajua kuna mtu lakini hujui anasema nini. Mtu akilia kwa nguvu bado anasikika kidogo, na kwa hao nimeweka feni na redio ya sauti ya chini upande wa kusubiri. Nimeona mabadiliko kwa wateja wenyewe: wameacha kunong’ona.

Kisichobadilika ni besi, yaani sauti nzito za chini. Ghorofa ya chini kuna ukumbi wenye mazoezi ya kwaya na spika kubwa, na mdundo wake unapita kwenye zege na nguzo. Patisheni haiwezi kuuzuia, na fundi atakayekuahidi hivyo usimwamini. Tumepanga ratiba yetu kuzunguka mazoezi yao.

Jambo jingine: chumba kilichozibwa hivi hakipitishi hewa, na AC ya ukutani inapoza hewa ile ile iliyomo. Tunafungua madirisha kati ya mteja na mteja.

Kama fedha haitoshi kufanya yote kwa mara moja, ushauri wangu ni huu. Anza na kupandisha ukuta hadi slabu na kuziba nyufa, kisha mlango. Bodi ya pili na pamba vifuate baadaye. Pamba yenyewe haikuwa ghali, kilichogharimu ni kuubandua ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Anayejenga upya aiweke mapema, kabla upande wa pili haujafungwa, na amkumbushe fundi kwa maandishi kwenye mkataba kwamba ukuta unaishia kwenye slabu, si kwenye dari.