Kipima umeme cha kuchomeka: kilimwachia huru binti yangu, kikalitia hatiani friji

Hiki kidude ninacho mwezi wa tatu sasa, kwa hiyo nisemayo si ya mtu aliyefungua boksi jana. Unakichomeka kwenye soketi, halafu plagi ya chombo unaichomeka kwenye tumbo lake. Kinakuonyesha wati zinazotumika papo hapo, na ukikiacha kinajumlisha uniti.

Nilikinunua kwa hasira. Bili ilikuwa imepanda miezi miwili mfululizo na bei ya uniti haijaguswa. Mwizi nilishamjua: binti yangu, anayeacha chaja ya simu ukutani kutwa nzima. Nikaanza na chaja. Kioo kikaandika 0.0. Nikachomoa, nikachomeka tena, 0.0. Kweli kipima hiki hakioni vizuri chini ya wati chache, lakini hata ingekuwa nusu wati, hapo hakuna bili ya kumgombeza mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni anacheka.

Nikahamia king'amuzi. Nimekizima kwa rimoti, kimebaki na kile kitaa chekundu tu, na kioo kinasoma 11. Wati 11 usiku na mchana kwa siku 30 ni karibu uniti 8, na mtazamaji mkuu wa nyumba hii ni mimi.

Lakini mwenye kesi hasa alikuwa friji. Friji halipimwi kwa dakika tano, maana kompresa huwaka na kuzima. Ukichungulia imezima utadhani halili kitu. Nikaliacha kwenye kipima saa 24: uniti 2.1. Nikabana karatasi kwenye mlango nikaivuta. Upande wa chini ilishikwa, upande wa juu ikateleza ikatoka yenyewe. Mpira ulikuwa umeganda uchafu na kujikunja, baridi inatoka, joto linaingia, kompresa haipumziki. Tuliuosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka ukalala vizuri, tukayeyusha barafu iliyokuwa imefunika kuta za ndani, tukalisogeza friji mbali na ukuta ili mgongo wake upate hewa. Nikapima tena: 1.3. Kwa mwezi tunaokoa uniti 24, bila kununua hata skrubu.

Birika la umeme lilinitisha bure. Kioo kilipanda hadi 2000, mke wangu akasema ndilo hilo. Ila linafanya kazi dakika chache tu. Wati ni mwendo kasi, uniti ni umbali uliokwenda. Kilichobadilika ni kwamba hatujazi tena birika zima kwa ajili ya vikombe viwili.

Sasa kasoro zake. Kioo hakina taa, na soketi nyingi ziko chini, kwa hiyo kila usomaji ni kupiga magoti na tochi. Umeme ukikatika, hesabu yote inafutika. Mara ya kwanza kulipima friji nilipoteza saa 19 hivyo hivyo, nikaanza upya.

Kasoro ya tatu ni kubwa zaidi. Hita ya maji ya kuogea imeunganishwa moja kwa moja ukutani, haina plagi, na kipima hakiwezi kuigusa. Nilizima kila kitu nikaiangalia mita ya nyumba yenyewe. Yetu ina kitaa kinachokonyeza mara 1000 kwa kila uniti. Hita ilipowashwa kitaa kilikonyeza zaidi ya mara moja kwa sekunde. Hiyo ni kama wati 5000. Dakika 10 za kuoga zinakaribia uniti nzima, na sisi tuko wanne.

Nakipa nyota nne. Ila ukishazunguka nacho vyombo vyote, kazi yake imekwisha, hivyo afadhali majirani watatu mkichangia kimoja. Changu kimeazimwa tangu Jumapili. Jirani anataka kuipima chaja ya mwanawe.