Nilitaka mhusika wa kila kazi: uzoefu wangu na fani ya malenga

Kwanza niseme ninachokizungumzia, maana hapa Lamu ukisema "twacheza usiku" watu hudhani ni bao au karata. Huu ni mchezo wa kuigiza wahusika. Mnakaa watu watatu au wanne, mmoja anakuwa msimulizi, kila mmoja wa wengine ana mhusika wake kwenye karatasi, na jambo likiwa na mashaka mnatupa dadu. Mkongwe wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sitathmini mchezo wote. Nazungumzia waraka wa kanuni wa bure wa toleo la tano, ule uitwao SRD 5.1, na hasa swali moja lililonikalia kichwani miezi sita: ukitaka mhusika anayeweza kila kitu, umpe fani gani?

"Fani" ndilo neno tuliloafikiana. Tulianza na "klasi". Mmoja wetu akaleta "tabaka", tukamwambia hapa hatufanyi siasa. Fani ni ile kazi inayomfanya mhusika awe alivyo: mpiganaji, msihiri, mwizi, na kadhalika. Zamani zilikuwa tatu tu, sasa waraka una 12.

Kwa nini nilimtaka mtu wa kila kazi? Ni maisha yangu tu. Asubuhi natengeneza simu Langoni, msimu wa wageni napeleka watu Shela kwa boti, na jirani akija na feni iliyoungua haniulizi kama mimi ni fundi wa feni. Nikasema hata kwenye mchezo sitaki kuwa mtu wa kuchinja tu.

Waraka wenyewe nauvulia kofia. Tangu Januari 2023 umewekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaupakua, unauchapisha, hata ukitaka kutunga mchezo wako juu yake hakuna wa kukushika mkono. Ni kurasa karibu 400. Mimi niliusoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, umeme ukikatika narudi kwenye karatasi nilizoandika kwa mkono. Ila mtu asikudanganye kwamba unafundisha. Ni kanuni tupu, kama kusoma katiba ili ujue kupiga kura. Bila bin-ami yangu, ambaye alijifunza mchezo huu alipokuwa chuoni Mombasa na ndiye msimulizi wetu, ningeishia ukurasa wa 10.

Dadu ndiyo ilikuwa balaa. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti, nikafungua mfuko: sita. Seti ni dadu saba. Iliyokosekana ni ya pande 20, ambayo ndiyo mchezo wenyewe, maana kila jaribio linapimwa nayo. Muuzaji hajajibu mpaka leo. Tukachukua komwe 20 za bao, tukaziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, tukazitia kwenye kifuko cha kahawa. Unachomoa, unasoma, unarudisha. Nakwambia kweli, ile sauti ya komwe kwenye kifuko ina raha kuliko dadu ya plastiki.

(Mama aliposikia neno "sihiri" kutoka dakani alitoka na mtandio wake kuja kuona tunafanya nini. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akasema, "Kumbe ni hesabu. Nlidhani mwaita watu." Akarudi ndani.)

Basi. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mchanganyiko. Kanuni zinaruhusu: mhusika huanza ngazi ya kwanza na kupanda kadiri anavyopata uzoefu, na unapopanda ngazi unaweza kuichukua katika fani nyingine, mradi sifa zako zifike 13 katika kile kila fani inachodai. Mpiganaji anadai nguvu au wepesi, msihiri anadai akili. Nilipofika ngazi ya tano nilikuwa na ngazi tatu za mpiganaji na mbili za msihiri. Kwenye karatasi nilijiona simba. Deraya nzito, upanga, ngao, na kitabu cha sihiri kwapani.

Sasa sikiliza. Ngazi ya tano ndipo mpiganaji halisi anapopata kupiga mara mbili katika zamu moja. Ndipo pia msihiri halisi anapopata sihiri za daraja la tatu (sihiri zina madaraja yake, si sawa na ngazi za mhusika), pamoja na ule mpira wa moto unaotupiwa dadu nane za pande sita. Mimi sikuwa na hili wala lile. Nilipiga mara moja, kama nilivyokuwa nikipiga tangu siku ya kwanza, na nilikuwa na nafasi tatu tu za kutumia sihiri, zote za daraja la kwanza. Halafu mkono mmoja una upanga, wa pili una ngao, na sihiri nyingi zinataka ishara ya mkono. Iko njia ya kulizunguka hilo kwenye vitabu vya kununua, lakini waraka wa bure una kipaji cha ziada kimoja tu, na hicho ni cha kushikana mieleka.

Tulikuwa tukicheza kisa cha magofu. Ramani yake tuliiba kutoka Takwa pale Manda, na msikiti wake na ile nguzo. Mazimwi yalitoka nyuma ya ukuta. Rafiki yetu mvuvi, ambaye mhusika wake ni mpiganaji mtupu asiyejua hata kusoma, aliangusha mawili. Mimi nilichubua moja. Bin-ami akanitazama akasema, "Kaka, wataka yote. Ona sasa." Sikumjibu kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nikajaribu fani ya pori, wale wanaojigeuza wanyama. Sitakaa sana hapa. Kwa mtu wa kisiwani ina kichekesho chake: unajigeuza kuanzia ngazi ya pili, lakini mnyama wa kuogelea hupewi mpaka ngazi ya nne, na wa kuruka mpaka ya nane. Kwa hiyo kisa chetu chote kiko baharini na mimi ni paka. Niliiacha baada ya wiki tatu.

Kilichonifikisha kwa malenga ni ubishi wa Liyongo. Usiku mmoja hatukucheza, umeme ulikuwa umekwenda, tukakaa dakani tukabishana: Fumo Liyongo angekuwa fani gani? Mvuvi akasema mpiganaji, hata swali halifai. Mtu asiyeingiwa na silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, utamwita nani? Mimi nikasema mchanganyiko, maana alikuwa mpiga mishale, mpiganaji na mshairi. Bin-ami alikuwa kimya, anakunywa kahawa yake. Kisha akauliza, "Gerezani alitokaje?"

Tukanyamaza. Kila mtoto wa huku anajua alivyotoka. Aliimba. Alimwimbia kijakazi Saada maneno ya kumpelekea mamake, walinzi wanasikia wimbo tu. Mama akaoka mkate wa wishwa, akautia tupa ndani. Walinzi wakala chakula kizuri, wakamwachia mfungwa mkate mbaya. Gungu likapigwa nje, makelele yakameza sauti ya tupa kwenye chuma. Upanga haukufanya kazi yoyote usiku ule.

Kwenye waraka kuna fani ya mwimbaji mwenye uchawi katika maneno yake, na sisi tumeiita malenga. Nilikuwa nimeipita kila mara, nikidhani ni ya kuchekesha watu. Nikaenda kuisoma upya.

Historia yake nilisimuliwa na bin-ami na inafaa uijue. Malenga aliingia mchezoni mwaka 1976 kupitia gazeti la wachezaji. Kwenye kitabu cha 1978 walimtia katika nyongeza za nyuma ya kitabu, na ukimtaka ilikupasa uanze kama mpiganaji, upande ngazi kadhaa, uhame uwe mwizi, upande tena, ndipo uende kusomeshwa na wale wa pori. Yaani ule mchanganyiko ulionishinda ndio uliokuwa njia yenyewe. Matoleo yaliyofuata yakamfanya fani kamili, akaanza kuwa malenga tangu ngazi ya kwanza.

Nilimjenga hivi, kwa atakayependa kuiga. Asili yake ni chotara wa binadamu na "elf", wale viumbe wa ngano wenye masikio ya ncha, kwa sababu anapata nyongeza mbili kwenye mvuto na stadi mbili za bure, yaani mambo anayoyajua kufanya. Fani inakupa stadi tatu zozote uzitakazo. Historia ya maisha yake inatoa mbili. Ngazi ya tatu unachagua chuo, yaani tawi la fani. Kwenye waraka kipo kimoja tu, cha elimu, nacho kinakuongezea tatu. Jumlisha: 10. Mchezo mzima una stadi 18. Na hizo nane zilizobaki si kwamba huzijui kabisa, maana tangu ngazi ya pili malenga anapata nusu ya nyongeza ya ujuzi, ile namba mwenye stadi anayoijumlisha kwenye dadu, kwa jaribio lolote ambalo hakulisomea. Ngazi za mwanzo ni moja tu, hutaiona. Lakini inaingia hata kwenye kura ya nani aanze vita, na nimeanza mbele ya mazimwi zaidi ya mara moja kwa ile moja.

Kinachonifurahisha zaidi kuliko hesabu ni vijembe. Chuo cha elimu kinakupa uwezo wa kumkata adui kwa maneno: anapotupa kura ya kupiga, kabla msimulizi hajatamka kama imeingia, unamrushia neno, unatupa dadu yako ya hamasa (ile ambayo malenga huweza pia kumpa mwenzake aongezee jaribio lake) na kutoa kilichotoka kwenye namba ya adui. Lazima awe karibu, ndani ya futi 60, na lazima akusikie. Waraka haukulazimishi kusema neno lenyewe. Sisi tunalazimishana. Ukitaka kutumia uwezo huo dakani kwetu, utatoa kijembe chenye vina, na msimulizi akiona kimelegea anakukatalia. Mji uliozoea mafumbo, huu ni mchezo wetu kabisa. Zimwi kubwa lilipoinua gongo juu ya mvuvi, namba ikatoka 16, na deraya ya mvuvi ni 15, yaani 15 tu ingetosha kumpiga. Nikaliambia lina kimo cha mnazi na akili ya kifuu. Vina havikuwepo ila mama alicheka kutoka dirishani, ikapitishwa. Nikatoa tano. Gongo likapiga mchanga.

Iko pia sihiri ndogo ya kejeli, unamtukana mtu na anaumia kweli. Ngazi ya kwanza ni dadu moja ya pande nne. Nimewahi kumuua nyoka kwa matusi.

Na ngazi ya sita, malenga wa elimu anachagua sihiri mbili kutoka fani yoyote. Nikauchukua ule mpira wa moto. Ilinibidi ningoje ngazi moja zaidi ya msihiri halisi, lakini sikupoteza kitu njiani.

Sasa lawama zangu. Upanga wake ni wa mapambo: anapiga mara moja tu mpaka mwisho, na tawi la malenga wa vita limebaki kwenye kitabu cha kununua. Sihiri anazojua ni chache, ngazi ya tano ni nane, na ukichagua vibaya unabadilisha moja tu kila upandapo ngazi. Nilichukua moja ya kuzungumza na wanyama nikidhani nitahoji punda wa mji mzima. Nimeitumia mara moja, na punda hakujua lolote. Jingine ni la moyoni zaidi. Kazi yake kubwa ni kuwafanya wengine wafanikiwe. Unampa mwenzako dadu yako ya kumtia hamasa, anaua joka, na kesho kwenye kahawa watu wanamsimulia yeye. Kwa mtu anayetaka kutajwa, fani hii itamchoma.

Na haikufai kila meza. Sisi tulikuwa wachezaji wawili na msimulizi mmoja. Hakuna mwizi wa kufungua makufuli, hakuna wa kutibu, hakuna wa kusema na sultani. Yote yaliniangukia mimi na niliyaweza. Kwa meza ndogo hivyo nampa nyota tano. Mkiwa watano, kila mwenye fani yake anakupita katika lile alilosomea, unabaki kama mpishi wa ziada kwenye harusi. Hapo nampa tatu. Waraka wenyewe naupa nyota nne; ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule umaskini wa tawi moja kwa kila fani.

Wiki iliyopita amejiunga mwalimu wa msingi, anataka mwizi. Juzi mkewe akasema naye aje, na amekwisha chagua fani ya kutibu. Bin-ami ameniuliza kama sasa niko tayari kushika upanga mtupu. Nimemwambia tumalize kwanza kisa hiki, na atafute komwe namba 17. Haionekani tangu Jumamosi, na mtoto wa jirani anasema alimwona mbuzi karibu na kifuko.