Kufungua akaunti ya benki Kisumu kwa pasipoti ya Tanzania: uzoefu wangu

Nianze na alama kabisa ili mwenye haraka aondoke na kitu. Benki yenyewe naipa saba kwa kumi. Safari ya kuifikia naipa tatu. Ndugu na marafiki wa Musoma na Mwanza wanaonipigia simu huuliza kila mara benki gani nzuri Kisumu, na mimi huwajibu kwamba benki zimejaa Oginga Odinga Street, utazikuta tu. Kinachochosha ni karatasi, maana kila karatasi inazaliwa na nyingine, na usipokuwa na mama, mtoto humwoni.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi, yale majokofu makubwa na vyumba vya barafu vya wafanyabiashara wa samaki na maziwa. Miezi ya mwanzo mwajiri alinilipa kwa M-Pesa, hadi mhasibu alipolalamika kwamba hesabu zake hazikai sawa, akataka mshahara wangu upite benki kama wa wenzangu. Laini ya simu haikuwa na shida yoyote. Safaricom wanamsajili mgeni kwa pasipoti, na M-Pesa nikaanza kuitumia papo hapo. Benki ni habari nyingine.

Kwanza, yale matangazo ya kufungua akaunti kwa simu ukiwa umekaa kwako hayatuhusu. Programu niliyoijaribu ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa cha Kenya, ikaihakiki kwenye kumbukumbu za serikali, na isipoipata inakurudisha mwanzo. Kadi ya NIDA, kitambulisho chetu cha taifa cha Tanzania, haina pa kuingia. Hata pale mpakani Sirari, wanaovuka Afrika Mashariki kwa kitambulisho cha taifa ni raia wa Kenya, Uganda na Rwanda, ambao serikali zao zilikubaliana hivyo mwaka 2014. Sisi tunavuka kwa pasipoti au hati ya muda ya safari, na hati ya muda sidhani kama kuna karani wa benki atakayeitazama mara mbili.

Sasa karatasi zenyewe. Mtanzania anaingia Kenya bila viza na kugongewa muhuri wa matembezi, lakini muhuri huo haukuruhusu kufanya kazi, na benki inalijua hilo. Kuna watu humwendea karani wakimsomea Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile inayozungumzia uhuru wa kufanya kazi nchi jirani, iliyoanza kutumika Julai 2010. Karani anawasikiliza kwa adabu, halafu anauliza kibali kiko wapi. Changu ni cha daraja D, cha watu walioajiriwa. Ukishakuwa na kibali unajiandikisha kama mgeni, kwa sababu sheria inamtaka kila asiye raia atakayekaa zaidi ya miezi mitatu afanye hivyo. Maombi yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, alama za vidole unaziweka ofisini, kisha unangoja kitambulisho cha mgeni. Namba ya kitambulisho hicho ndiyo unayoombea PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Kenya, kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi. Na PIN ndiyo benki inayoitaka kabla ya kukuuliza jina la mama yako.

Hicho kitambulisho ndicho kilichonikwamisha. PIN ilikingoja, akaunti ikaingoja PIN, mhasibu naye akaendelea kunilipa kwa simu huku amenuna. Kwa hiyo ukipata kibali tu, nenda kajiandikishe, usisubiri mwajiri akukumbushe.

Benki ya kwanza niliyoingia siitaji. Kijana wa mapokezi alifungua pasipoti, akaifunga, akasema, “Boss, wageni tunawafungulia Nairobi.” Nikamwomba anionyeshe palipoandikwa. Akaenda ndani, akarudi na jibu kwamba meneja ametoka. Baadaye Mganda mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia yeye alifunguliwa akaunti na benki hiyo hiyo, tawi la Kakamega, bila maswali mengi. Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa benki nataja tawi, na hata ndani ya tawi namtaja mtu wa meza ya akaunti mpya, kwa sababu aliyewahi kumhudumia mgeni hata mmoja anajua kitufe kiko wapi, na asiyewahi atakutuma Nairobi ili asiulizwe.

Tawi nililofungulia nalo silitaji, kwa sababu utakayoyasoma huko mbele hayawasifu sana. Lakini dada niliyemkuta pale, haki yake nampa. Alinikalisha, akachukua karatasi na kuniandikia kwa mkono wake kila kitu: pasipoti na kopi ya ukurasa wa picha, kibali, kitambulisho cha mgeni pande zote mbili, cheti cha PIN, barua ya mwajiri yenye muhuri, picha, uthibitisho wa makazi. Akaniambia, “Kaka, usirudi mpaka zitimie zote. Mfumo hautunzi maombi ya nusu.” Hakuna sentensi iliyoniokolea nauli ya tuktuk kama hiyo.

Uthibitisho wa makazi ni kichekesho. Wanataka bili ya umeme au ya maji yenye jina lako. Mimi nimepanga Manyatta. Umeme ni wa tokeni: unatuma pesa, unaletewa tarakimu, unazibonyeza kwenye mita, na mita imesajiliwa kwa jina la marehemu baba yake mwenye nyumba. Maji ya KIWASCO bili yake inakuja moja kwa ploti nzima, tunachangishana. Katika ploti ile hakuna mpangaji hata mmoja mwenye karatasi yenye jina lake, awe mgeni au mzaliwa wa Kisumu. Mzee mwenye nyumba aliniandikia barua, nikaambatanisha mkataba wa kupanga na kopi ya kitambulisho chake, wakakubali. Mwingine ninayemfahamu aliombwa barua ya chifu. Ni vizuri kuuliza mapema watapokea ipi.

Halafu kuna fomu. Ukurasa mmoja unauliza kama wewe ni Mmarekani, kama ulizaliwa Marekani, kama una anwani au simu ya Marekani. Chanzo chake ni sheria ya Wamarekani wenyewe ya mwaka 2010, inayozibana benki za nje ziwaripoti wateja wenye uraia wao. Nikaweka “hapana” mfululizo. Unaofuata ndio wa kuusoma taratibu: unataka kujua unalipa kodi nchi gani, na namba yako ya mlipakodi kila nchi. Mimi nina TIN ya TRA tangu nilipochukua leseni ya udereva, nikaiandika chini ya PIN ya Kenya. Dada alisema wengi huacha nafasi hiyo wazi na fomu zao hurudishwa na makao makuu.

Maswali ya chanzo cha pesa yalikuwa mengi pia, na sikuyachukulia vibaya. Februari 2024 Kenya iliingizwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazowekwa chini ya uangalizi, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji wa fedha. Tanzania ilikuwa humo tangu Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025. Benki za pande zote mbili zimejifunza kuuliza. Niliulizwa nitaingiza kiasi gani kwa mwezi, kitatoka wapi, na kama nina jamaa wa karibu mwanasiasa. Nikamwambia mjomba aliwahi kugombea udiwani akaangushwa kwenye kura za maoni. Akacheka, hakuandika kitu.

Kuna wanaodhani kuwa na akaunti Tanzania kunarahisisha, kwa sababu KCB, Equity, DTB na I&M ziko nchi zote mbili. Hakurahisishi. Ni kampuni mbili tofauti, moja inasimamiwa na Benki Kuu ya Kenya na nyingine na Benki Kuu ya Tanzania, kwa hiyo unaanza upya kama mteja ambaye hawajawahi kumwona. Na wale wa CRDB na NMB tusahau, Kisumu hawapo.

Akaunti ilipofunguka, matumizi ya kila siku yalinifurahisha. Mshahara unaingia, ujumbe unaingia, kadi inafanya kazi. Kuweka pesa kutoka M-Pesa kwa Paybill, namba ya malipo ya benki, ni rahisi kwa kuwa inafuata namba ya akaunti. PesaLink inahamisha kutoka benki moja kwenda nyingine papo hapo, hadi shilingi 999,999 kwa mara moja, ingawa mimi sijawahi kusogelea hata robo yake. Mawakala wa benki wamejaa Kondele hadi usiku. Kilichosumbua ni majina. Pasipoti yangu ina matatu, kitambulisho cha mgeni kimetanguliza la ukoo, na M-Pesa ilikuwa na mawili, basi programu ya benki ikakataa kuniunganisha na namba yangu mwenyewe. Duka la Safaricom walinirekebishia majina, ikapita. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba pasipoti mpya huja na namba mpya, kwa hiyo ukibadilisha, pitia benki na kwenye simu wiki ile ile.

Sasa lile lililowapunguzia alama. Akaunti ya mgeni imefungamanishwa na tarehe ya mwisho ya kibali chake. Siku kibali kinapoisha kwenye mfumo wao, akaunti inazuiwa, hata kama umelipia kipya na risiti unayo mkononi. Kwangu ilitokea mwisho wa mwezi. Mshahara uliingia kama kawaida, ila kutoka haukutoka. Kadi ilikataa mbele ya keshia wa duka, na nyuma yangu foleni ya watu wenye mikokoteni iliyojaa. Nilipofika tawini, dada yule alikuwa amehamishwa, na aliyekaa mahali pake akaniambia nilete kibali kipya. Kibali kipya kilikuwa hakijatoka. Nikamwonyesha risiti ya serikali, akasema risiti si kibali. Kwa sheria yuko sahihi, sibishani naye. Ninachobishana nacho ni benki inayonitumia ujumbe kila wakati kunisihi nichukue mkopo wa sikukuu, lakini haikuona umuhimu wa kunitumia mmoja kunionya kwamba tarehe inakaribia. Mwajiri aliandika barua, ikapanda ngazi, na kwa majuma kadhaa nikaishi kwa pesa za kukopa kwa wenzangu. Siku hizi nina akiba ya kodi ya nyumba na chakula ndani ya M-Pesa wakati wote, na ukikaribia kumaliza kibali nakushauri uhamishe huko kiasi cha kukutosha. Pochi ya M-Pesa inabeba hadi shilingi 500,000, inatosha kwa wengi wetu.

Kutuma nyumbani siitumii benki kabisa. M-Pesa ya Kenya na ya Vodacom Tanzania zimeunganishwa tangu 2015, na mama yangu anapokea akiwa sokoni. Shilingi moja ya Kenya huwa inacheza kwenye 19 au 20 za kwetu, na kabla ya kutuma nalinganisha na bei ya wabadilishaji. Benki walinipa njia ya kugeuza shilingi kuwa dola, kutuma, kisha upande wa pili zigeuzwe tena kuwa shilingi, ambapo unanyolewa mara mbili na ada juu yake. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaounganisha benki kuu zetu tangu 2013 ili pesa iende kwa sarafu zetu wenyewe, niliutaja pale mezani na nikatazamwa kama niliyetunga.

Kuhusu usalama wa pesa, mgeni na mwenyeji ni sawa: benki ikianguka, bima ya amana ya KDIC inalipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana. Riba ukiwa nayo inakatwa kodi asilimia 15. Na kwenye karatasi ya mshahara nakatwa asilimia 1.5, tozo ya nyumba za bei nafuu, kama Mkenya yeyote, nyumba ambazo sijui kama nitakuja kulala ndani yake.

Mkopo usiutegemee. Afisa wa mikopo alinipigia hesabu vizuri tu, lakini muda wa kulipa hauruhusiwi kuvuka tarehe ya kibali, kwa hiyo kila mwezi unaopita unapunguza kiasi unachoweza kupewa. Kilichobaki kwangu kisingenunua hata tangi na magurudumu ya pikipiki niliyoitaka. Pikipiki nimeipata kupitia chama cha mafundi tunaokutana Jumapili Kondele. Wao hawakutaka kuona kibali wala PIN. Walitaka mtu wa kunidhamini, na Mganda wa Kakamega akanyoosha mkono.