Feni ya umeme kwa gari la zamani: ununue mfumo gani wa kuiwasha

Ukipita Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, ukaulizia feni ya umeme ya kufunga kwenye Datsun 1200, Mini au Land Rover ya zamani, utaletewa feni yenyewe na mazungumzo yataishia kwenye ukubwa wake. Feni zipo tele. Gari la zamani linaunguzwa na vitu vidogo vinavyoiendesha: swichi ya joto, relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), fyuzi na waya. Pesa yako ielekeze huko, na ndiyo maana mwongozo huu unapanga mifumo ya kuwasha feni, kisha feni yenyewe inafuata.

Kwanza hakikisha gari linahitaji feni hiyo. Peugeot 504, gari ambalo Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, kwa kawaida lilitoka kiwandani na feni yenye klachi ya sumaku-umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kupitia kaboni ndogo inayogusa sehemu inayozunguka, sumaku inaishika feni nayo inazunguka na injini. Maji yakipoa, inaachiwa. Ni ubunifu mzuri sana, na unang'olewa kila siku kwa sababu tu kaboni imekwisha au waya wake umekatika. Kama una 504 na feni haishiki, badilisha kaboni kabla ya kununua chochote kilichotajwa hapa chini.

Angalia pia mfuniko wa rejeta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima wa psi 7 hupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 10. Mpira wake ukishakauka, maji yatachemka kabla swichi ya nyuzi 95 haijapata nafasi ya kuwasha feni, na fundi atailaumu feni.

Jambo la tatu ni chaji. Gari linalotumia dainamo badala ya alteneta halifai feni ya umeme mpaka libadilishwe. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, hutoa ampia 22 tu injini ikikimbia, na kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, haitoi karibu chochote. Feni moja hula ampia 10 hadi 15. Foleni ya usiku, taa zinawaka, waipa zinapiga, feni inazunguka: betri ndiyo inayobeba kila kitu. Mwenye dainamo anunue alteneta kwanza, au abaki na feni ya mkanda.

Sasa mifumo, kuanzia ninaoupendekeza zaidi.

Namba moja ni swichi ya joto ya kufungwa kwenye rejeta, pamoja na relei. Rejeta za zamani ni za shaba, na fundi wa rejeta yeyote mzuri anaweza kulehemu nati ya shaba yenye hesi ya M22 (kipenyo cha milimita 22) kwenye tangi lake. Swichi yenyewe ni ya kawaida kabisa, ile inayotumika kwenye magari mengi ya Ulaya, kwa hiyo ikifa unaipata. Soma namba mbili zilizochapwa ubavuni. 92/87 maana yake inawasha feni kwenye nyuzi 92 na kuizima kwenye 87. Linganisha namba hizo na thamostati ya injini yako, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yafikie joto lake. Thamostati ya nyuzi 82 inakwenda vizuri na 92/87. Ya 88 inataka swichi inayowasha kwenye 95 au zaidi kidogo. Ukichukua swichi inayozima chini ya kiwango cha thamostati, ukiamini gari litapoa zaidi, feni inaweza isizime kabisa, kwa sababu thamostati haitaruhusu maji yashuke hadi hapo. Ukiifunga tangi la chini, inasoma maji yaliyokwisha kupoa, basi chagua namba ya chini kidogo.

Waya zake ni nne tu. Kwenye relei, mguu wa 30 unapokea umeme mkubwa kupitia fyuzi, 87 unakwenda kwenye feni, 86 unatoka kwenye swichi ya ufunguo, na 85 unakwenda kwenye swichi ya joto inayoumalizia kwenye bodi. Faida ya kuiweka swichi upande wa bodi ni kwamba waya wake ukichubuka na kugusa chuma, feni inazunguka tu. Hakuna kinachoungua. Usikubali fundi apeleke umeme wa feni moja kwa moja kupitia swichi ya ufunguo. Swichi ya mwaka 1970 haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Tena ukizima gari, feni inayoendelea kuzunguka kwa kasi hugeuka jenereta na inaweza kuilisha koili ya plagi, injini ikaendelea kuunguruma kidogo ufunguo ukiwa tayari umezimwa.

Namba mbili ni bomba fupi la alumini lenye tundu la swichi ileile, linaloingizwa katikati ya mpira wa maji wa juu na kubanwa kwa klipu. Linamfaa mwenye rejeta halisi ya kiwandani asiyetaka iguswe na moto wa lehemu, na siku ukitaka kurudisha gari lilivyokuwa, unabadilisha mpira tu. Pima kipenyo cha mpira wako kwa kalipa, usikisie. Na kumbuka bomba hilo limetengwa na bodi kwa mpira pande zote mbili: swichi ya mguu mmoja haitafanya kazi mpaka uvute waya kutoka kwenye bomba hadi kwenye bodi, au ununue ya miguu miwili.

Namba tatu ni kontrola ya kielektroniki ya kurekebisha nyuzi kwa kitufe. Ni sahihi na rahisi kurekebisha, lakini kijisanduku hicho kinakaa chini ya boneti yenye joto, vumbi na maji ya kuoshea gari, na kikifa barabarani hakuna duka la mji mdogo litakalokuwa na mwenzake. Ukiinunua, ifunge ndani ya kabini na uiache iendeshe relei tofauti.

Namba nne, ile yenye mrija mwembamba wa shaba unaopenyezwa kati ya mpira wa maji na shingo ya rejeta. Inavuja hapohapo unapopenya. Siipendekezi.

Ya mwisho ni swichi ya kidole kwenye dashibodi, peke yake. Siku moja utazungumza na abiria, utasahau, na silinda hedi itapinda. Iweke kama ya akiba, sambamba na swichi ya joto, hapo itakuwa msaada mkubwa.

Magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mengi yalikuwa na chanya kwenye bodi. Kwa hayo, namba tatu iondoe kabisa, nyingi zitaungua. Waya mbili za mota ya feni zibadilishane nafasi, maana ikizunguka kinyume itapigana na upepo unaoingia.

Kwa feni yenyewe, mtumba wa Kijapani uliotoka kwenye Toyota au Nissan ni bora kuliko feni mpya nyembamba isiyo na jina. Mwombe muuzaji aiunganishe kwenye betri, sikiliza bushi zake, ishike shafti uitikise. Mpya ya kutegemewa ni SPAL ya Italia, kama mfuko unaruhusu. Ikikaa nyuma ya rejeta ikivuta upepo ni bora kuliko ikikaa mbele ikisukuma, na ya kuvuta haigeuzwi kuwa ya kusukuma kwa kupindua waya tu. Mapanga yake yamekatwa kwa upande mmoja. Ifunge kwa vyuma kwenye fremu. Vile vijiti vya plastiki vinavyopita katikati ya mapezi ya rejeta husugua mirija mpaka itoboke.

Waya wa feni uwe wa milimita 4 za mraba, wa shaba tupu. Sokoni kuna waya mwingi wa alumini uliopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Toa uzi mmoja, ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Fyuzi iwe ya ampia 25 au 30 na ikae karibu kabisa na mahali unapochukulia umeme. Gari lenye geji ya ampia kwenye dashibodi lichukuliwe umeme upande wa alteneta, vinginevyo kila feni inapowaka umeme wake utapita kwenye geji hiyo kuukuu.

Fundi akimaliza, usimlipe kabla ya kupima. Feni ikiwa inazunguka na injini iko kwenye sailensa, weka mita ya volti kati ya chanya ya betri na chanya ya feni, kisha kati ya hasi ya feni na hasi ya betri. Upande wowote ukizidi nusu volti, kuna kiungo kibaya. Acha feni izunguke dakika kumi, kisha gusa kishikio cha fyuzi na soketi ya relei. Kinachokuchoma vidole kinafungwa upya siku hiyohiyo.