Duka liko Kariakoo, msaidizi yuko Morogoro: uzoefu wangu

Nauza mashuka na mapazia. Duka lenyewe ni fremu ndogo Kariakoo, lakini wateja wengi hawajawahi kulikanyaga. Wananijua kwa Instagram na WhatsApp. Anayeuza mtandaoni anazijua meseji zenyewe: "Bei?" "5x6 mnazo?" "Yanachuja rangi?" "Dada upo?" Ukichelewa kidogo mteja ameshahamia kwa jirani, maana jirani naye kaposti shuka hilohilo, kalichukua jumla palepale ulipochukua wewe.

Nikaamua kutafuta mtu wa kunijibia. Wa kukaa dukani sikumtaka. Kijana wa dukani ninaye, na fremu ile watu watatu mkiingia mnagusana mabega. Nilitaka msaidizi wa mbali, anayefanya kazi akiwa kwake na simu na kompyuta yake. Wengi wameniuliza inakuwaje, mtu hujakaa naye anashika wateja wako, kwa hiyo naandika mara moja tumalizane.

Nilianza na kampuni ya hapa mjini inayotoa huduma hiyo kwa vifurushi vya saa. Jina naliacha. Unalipia saa zako mwanzo wa mwezi, zisizotumika zinakufa mwezi ukiisha. Kwenye karatasi ni huduma safi: ripoti kila Ijumaa, msimamizi, barua pepe rasmi. Kasoro ni kwamba leo anakujibia huyu, kesho yule, na kila mmoja anaanza upya. Mteja wangu wa siku nyingi kutoka Tanga aliandika, "Dada yale ya zambarau yamerudi?" Akajibiwa, "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali eleza bidhaa unayohitaji." Akanipigia simu kuuliza kama nimeuza duka. Kama una ofisi ya kupanga miadi, madaktari wa meno kwa mfano, au shule inayopokea maombi, kampuni ya namna hiyo inaweza kukutosha. Biashara ya kuzoeana na wateja, hapana.

Huyu niliye naye sasa nilielekezwa na shemeji yangu. Ni binti aliyemaliza chuo, ana mtoto mdogo, anaishi Morogoro na hakutaka kuhamia Dar kwa sababu ya kazi. Sikumwuliza sana habari za vyeti. Nilichukua meseji za kweli za wateja, nikafuta majina na namba, nikamtumia ajibu kama angekuwa mimi. Kwenye ile ya "yanachuja rangi?" aliandika: "Ya rangi nzito, mara ya kwanza yafue peke yake kwa maji ya baridi, yatatoa maji ya rangi. Baada ya hapo yametulia." Hakusema hayachuji. Wauzaji wengi tungeandika "hayachuji kabisa mpenzi", kisha tukaja kugombana wiki inayofuata. Nikampa kazi.

Sasa tuje kwenye namna anavyoingia, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoogopa. Simu ya biashara inabaki kwangu. WhatsApp Business inakuruhusu kuunganisha vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo yeye anafanyia kwenye kompyuta yake, na siku tukiachana namwondoa kwa kubonyeza mara moja. Instagram sikumpa neno la siri hata siku moja. Kupitia Meta Business Suite, programu ya wenye Instagram wenyewe, unampa mtu ruhusa ya kushughulikia meseji tu, akaunti inabaki yako. Majibu yanayojirudia tumeyahifadhi kwenye programu yenyewe: akiandika mkwaju (alama ya /) na neno "saizi", linatoka jibu zima kwamba kitanda cha 5x6 au 6x6 kinachukua shuka gani, na seti ni mashuka mawili na foronya nne. Wateja hawajui, na hawahitaji kujua.

Hela ndiyo habari nyingine. Mteja analipa kwa Lipa Namba, na meseji ya muamala inaingia kwenye simu yangu mimi. Picha ya muamala anayotuma mteja hatuiamini, hata iwe nzuri namna gani. Matapeli wanatengeneza meseji ya kufanana neno kwa neno, mpaka salio linaonekana. Kwa hiyo msaidizi ananiuliza, "Dada, 90,000 ya Mbeya imeingia?" nami naangalia kwangu na kumjibu "imeingia" au "bado". Bila "imeingia" yangu mzigo hautoki. PIN haijui, na hajawahi kuniomba. Kuna rafiki yangu anaona huu ni usumbufu, amempa msaidizi wake kila kitu hadi laini. Kila mtu na moyo wake.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba kumpa mtu wa mbali kazi kunakulazimisha kuandika. Mtu wa dukani anajifunza kwa kukuangalia. Wa mbali anajua ulichomwandikia tu. Wiki za mwanzo alikuwa ananiuliza mambo ambayo sikuwahi kuyasema kwa mdomo: tunapunguza bei kwa nani? Mteja akilipa nusu tunamshikia mzigo siku ngapi? Akipokea rangi siyo, nauli ya kurudisha ni ya nani? Mengine nilikuwa naamua kutegemea nimeamkaje. Tukayaweka kwenye faili moja la Google ambalo wote tunalifungua, na leo hata kijana wa dukani anauliza humo badala ya kunipigia nikiwa kwenye daladala.

Ila faili haliuzi. Jumanne moja jioni mama mmoja wa Songea alitaka seti tatu za 6x6, za 45,000 kila moja. Akaomba 120,000 kwa zote. Faili linasema akichukua tatu tunaweza kushuka hadi 42,000 kwa seti, yaani 126,000, na ningekuwa mimi ningeshuka palepale niwahi kulala. Msaidizi akarudi juu kwenye mazungumzo, akaona mama alishataja wageni wa harusi Jumamosi. Akaandika: "120 hapana mama yangu, dada hataniachia. Ila nauli ya mzigo naibeba mimi. Kesho unaingia ofisi ya basi, Alhamisi usiku uko Songea, Ijumaa unafua na kunyoosha, wageni wanakuta kitanda tayari." Mama akalipa 135,000 kamili. Kupeleka kifurushi kile kwa basi kulinigharimu 5,000. Sikuwa nimemfundisha. Nilisoma yale mazungumzo asubuhi nikiwa nakunywa chai, nikayasoma tena.

Mizigo ya mikoani ndiyo kazi aliyoinyoosha kuliko zote. Bodaboda wetu akishaacha mzigo ofisi ya basi, anapiga picha risiti. Msaidizi anamtumia mteja picha hiyo, jina la basi, namba ya gari na namba ya simu ya ofisi ya kule unakoshukia. Kesho yake anamuuliza kama ameupata. Zamani mimi nilikuwa naishia kwenye "umeshatumwa", halafu mzigo unakaa ofisini Mwanza mpaka mteja anakasirika. Siku hizi malalamiko ya mizigo yamepungua sana, na aliyepokea vizuri ndiye anayemleta dada yake.

Sasa yanayosumbua. Kubwa kuliko yote: hayupo dukani. Anaona jedwali la mzigo uliobaki, haoni rafu. Kijana anauza seti ya mwisho ya kijivu saa tisa kwa mteja aliyeingia na fedha mkononi, hajaandika. Saa tisa na robo msaidizi anaipokelea oda ileile. Nani mkosaji? Hakuna, na mteja hilo halimhusu. Tumejaribu kumwambia kijana aandike kila akiuza, lakini Kariakoo mchana wa Jumamosi hakuna anayeandika. Kilichosaidia kidogo ni kutenga: mzigo wa mtandaoni una rafu yake, dukani haiuzwi bila kuuliza, na kijana anaipiga picha asubuhi na saa nane mchana. Msaidizi anauza kinachoonekana pichani. Hata hivyo bado inatokea. Anayekuambia msaidizi wa mbali atakuondolea shughuli ya stoo, mwulize anauza nini, maana anayeuza huduma ya kuandika au ushauri hana stoo.

Madeni sikumpa. Mteja aliyechukua kwa mkopo akidaiwa na mtu asiyemjua anasema amedhalilishwa, na pengine ni kweli. Ninayadai mwenyewe, kwa sauti yangu, na salamu ndefu kabla. Wenye jumla nao ni wangu. Ujumbe wa sauti anausikiliza na kunifupishia kwa maandishi, lakini mteja wa kusimulia dakika nne nzima ananitaka mimi, basi namsikiliza.

Halafu kuna intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mtandao ulizorota nchini na kwa majirani, na msaidizi wangu akawa kama hayupo. WhatsApp ilikuwa inazunguka tu. Tukarudi kwenye meseji za kawaida na kupigiana. Kwa bahati alikuwa na tabia ya kunakili oda za siku kwenye daftari la mkono, kwa hiyo tulijua nani kalipa na nani anasubiri. Umeme kukatika ni jambo dogo zaidi, kompyuta yake inakaa na chaji na simu inarusha intaneti. Lakini wewe unayeanza, muulize mapema: mtandao ukizima utafanya nini? Ukisikia "haujawahi kuzima", endelea kutafuta.

Jambo moja ambalo wenzangu hawaliongelei ni taarifa za wateja. Ana majina, namba za simu, na mitaa wanayokaa watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na haitofautishi kama namba ya mteja imevuja kutoka Kariakoo au Morogoro. Aliyeikusanya ni mimi. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja, na nusu ya ukurasa ni hayo: hachukui namba kwenye simu yake binafsi, hawapi wengine, kazi ikiisha anafuta. Hakukasirika kusaini. Angekasirika ningefikiria mara mbili.

Gharama: namlipa 300,000 kwa mwezi, kazi kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku, Jumapili anapumzika, bando juu yangu. Asubuhi najibu mwenyewe kwa sababu asubuhi wateja ni wachache na wengi ni wa jumla. Kwa biashara inayopata oda moja au mbili kwa siku hela hiyo ni nyingi, usijipe presha. Tumia majibu ya kuhifadhi ya WhatsApp, hayana malipo. Ila kama unakula chakula cha usiku huku unachapa bei, na oda zinakupita ukiwa usingizini, fanya hesabu ya oda zilizokupita kabla ya kusema mshahara ni mkubwa.

Ningempa nyota nne. Ile ya tano inabaki kwenye rafu ya dukani.

Wiki iliyopita ameomba nyongeza, na amekuja na orodha ya oda alizofunga mwenyewe usiku, tarehe na kiasi, kutoka kwenye jedwali nililomfundisha kujaza. Nimemwambia mshahara sigusi kwa sasa, ila kuanzia Ramadhani, watu wanapoanza kununua mashuka ya Idi, kila seti itakayouzwa baada ya saa kumi na mbili jioni ana 1,000 yake. Amejibu, "Sawa dada, ila na mapazia." Bado tunavutana hapo kwenye mapazia.