Uzoefu wangu na Trans ya Neil Young

Nimeisikiliza Trans, albamu ya mwanamuziki wa roki wa Kanada Neil Young, kwa santuri na kwa simu, na ninaipendekeza, ingawa si kwa kila mtu. Aliyemzoea Neil Young wa gitaa na harmonika, yule wa albamu ya Harvest ya mwaka 1972, atashtuka, kwa kuwa katika albamu hii, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1982, nyimbo sita kati ya tisa zimeimbwa kupitia vokoda, kifaa kinachochanganya sauti ya mtu na ya sinthesaiza (kinanda cha elektroniki) hadi mwimbaji asikike kama roboti. Hata Mr. Soul, wimbo wake mwenyewe wa mwaka 1967, hakuuonea huruma.

Maneno hayashikiki kwa urahisi, na hilo ndilo linalowaudhi wengi. Hata hivyo, Young alikuja kueleza kwamba kazi hii ilitokana na juhudi zake za kuwasiliana na mwanawe, mwenye mtindio wa ubongo na asiyeweza kuzungumza. Anayelijua hilo huusikia Transformer Man kwa namna nyingine kabisa: ile sauti nyembamba, ya juu, inayobembeleza katikati ya midundo ya mashine, ni ya baba anayemwimbia mtoto wake. Mwaka 1993 aliuimba tena kwa gitaa kavu katika kipindi cha Unplugged cha MTV, na kila neno likasikika. Ni toleo zuri, lakini mimi hulirudia lile la kwanza, kwa sababu ugumu wa kueleweka ndiyo habari yenyewe.

Kasoro zipo. Nyimbo tatu zisizo na vokoda zilitoka katika albamu nyingine aliyoiacha njiani, na ule unaofungua, Little Thing Called Love, ni mwepesi mno kuwa mlango wa kazi kama hii. Mwaka 1983 Geffen, kampuni iliyokuwa ikitoa albamu zake, ilimshtaki, ikidai dola milioni 3.3 kwa kutoa muziki usiofanana naye. Ajabu ni kwamba mimi humsikia Young mwenyewe hapa kuliko katika baadhi ya albamu zake za gitaa.

Anayeanza aruke wimbo wa kwanza, aingie kwa Computer Age, kisha Sample and Hold, na avae hedifoni, maana kwenye spika ya simu besi hupotea na vokoda hubaki kelele tupu.